Sauti Aliyoibeba Beki

Beki alianza kugonga asubuhi, nikiwa nimeshavaa koti langu jeupe la famasi na kipande cha mkate kiko mdomoni. Tik, tik, tik, halafu kimya, halafu tik tena. Diski nzima ya kompyuta hailii hivyo. Nilipiga magoti mbele ya kabati la televisheni, nikaweka kiganja juu yake, nikaisikia ikijaribu kuzunguka na kushindwa.

Nieleze mapema, maana watu wa nyumbani kwetu wameyazoea majina haya na mimi husahau kwamba wengine hawayajui. Chini ya televisheni yetu kuna kompyuta ya zamani yenye diski nne. Hilo ndilo ghala la familia: filamu, tamthilia, muziki, picha za harusi za ukoo mzima. Diski nilizipa majina ya uwanjani kwa ajili ya Baba. Beki, Kiungo na Straika ndio wanaobeba mizigo. Wa nne ni Kipa, na Kipa habebi filamu hata moja. Kazi yake ni kukumbuka hesabu ya wenzake.

Siku nilipomleta Kipa nyumbani, Baba aliandika kwenye kibao chake kwa herufi kubwa: DISKI KUBWA KULIKO ZOTE, HALAFU HAINA KITU?

"Wewe uliwahi kumlaumu kipa kwa kutofunga mabao?" nikamuuliza.

Nikamchorea. Tuseme Beki ana tatu, Kiungo ana tano, Straika ana mbili. Kipa anashika jumla, yaani kumi. Beki akifa, chukua kumi, toa tano, toa mbili: Beki huyo amerudi. Programu niliyoiweka hufanya hesabu ya namna hiyo kwa kila kipande cha kila faili, na ukiipa diski mpya, inaandika humo kila kitu alichokuwa nacho marehemu. Baba aliutazama mchoro kwa muda, akasimama, akampigia Kipa saluti. Tangu siku hiyo hakupita mbele ya lile kabati bila saluti.

Kuna sharti moja. Kipa anakumbuka jumla ya mara ya mwisho alipohesabu, na kwetu anahesabu kila Jumamosi. Mtu akifuta kitu kwa Straika katikati ya wiki, Kipa bado anashikilia hesabu ya Jumamosi iliyopita. Siku za kawaida haina neno. Lakini Beki akiwa amelala chini, ukimgusa Straika umevuruga hesabu ya kumrudishia Beki uhai. Kwa hiyo mmoja akianguka, wengine wote wasimame pale pale walipo, kama refa amepuliza filimbi.

Na Beki ndiye aliyekuwa na sauti ya Baba.

Baba alikuwa mtangazaji wa mpira redioni. Alikuwa na sauti ya kuwainua watu vitini, na akirudi nyumbani hakuizima: alitangaza tukila, alitangaza tukioga, alitangaza dada yangu akinyimwa ruhusa ya kutoka. Halafu koo likaugua. Madaktari walimwokoa yeye, lakini kisanduku cha sauti wakakitoa. Sasa anapumua kwa tundu la shingoni. Midomo inacheza vizuri tu, ila hakuna kinachotoka. Redioni walisharekodi vipindi vingine juu ya kanda zake siku nyingi. Zilizobaki ni zile alizojirekodia mwenyewe, zikalala kabatini mpaka zikaota ukungu, na mimi nikazihamishia kwenye kompyuta moja moja, nikizishika kama mayai. Kanda zenyewe zilikatika baada ya hapo. Msinifundishe habari ya kuweka nakala ya pili. Nimeshajifundisha mwenyewe, kwa maneno makali kuliko yenu.

Lakini kilichonitia haraka ni Mama. Tangu ile operesheni, Mama ndiye aliyekuwa akimsoma Baba midomo. Walikuwa wanagombana hivyo, mmoja kwa sauti na mwingine kwa midomo mitupu, na Mama hakukosa neno. Kisha presha ya macho ikamwanza. Siku hizi anaona mwanga na vivuli tu. Kibao hawezi kukisoma, midomo haioni. Baba humgonga kiganjani: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Ndoa nzima imebaki hapo.

Mwezi huo Mama aliniita jikoni, akichambua mchele kwa vidole.

"Maneno yake nayakumbuka yote," alisema. "Sauti ndiyo imenitoka. Naitafuta usiku siipati. Nitafutie zile kanda zake, mwanangu. Macho haya yakifunga kabisa nitabaki na nini cha yule mzee? Kugongwagongwa kama mlango?"

Nilishangaa kidogo, kwa sababu Mama hakuwahi kuutaka mpira. Baba akiwa hewani, yeye alikuwa jikoni anaosha vyombo kwa fujo, masufuria yanagongana kama yana ugomvi. Watu wazima ishirini na mbili, alikuwa akisema, wanagombea kitu ambacho dukani kimejaa. Lakini alichoomba nilimwelewa. Nikamwahidi kumwekea sauti zote kwenye kispika kidogo chenye kitufe kimoja kikubwa. Nilikuwa nasubiri siku yangu ya mapumziko. Beki hakunisubiri.

Basi nikazima kompyuta, nikampigia simu bosi wangu kwamba nitachelewa, nikamwambia Baba, "Beki ameumia. Naenda kumletea mchezaji wa akiba. Usiwe na wasiwasi." Ndivyo nilivyosema. Sikusema usiguse kitu.

Niliporudi na diski mpya kwapani, Baba alikuwa ameiwasha tena kompyuta, amekaa mbele ya skrini, kifua mbele, anang'aa. Akaniinulia kibao: NIMEKUPA NAFASI.

Nilisoma mara mbili. "Nafasi gani, Baba?"

Akafuta, akaandika haraka. BEKI KAUMIA. MZIGO WAKE AUBEBE STRAIKA. NIMEMPUNGUZIA ZILE ZA KUPIGANA.

Filamu za kupigana. Zote, kabrasha zima. Na kwa kuwa Baba ni mtu nadhifu, asiyeacha hata kijiko kwenye sinki, alikuwa amekwenda mpaka kwenye pipa la taka la kompyuta akalimwaga. Kisha, kuhakikisha kwamba nafasi imepatikana kweli, akapakia humo picha zote za simu yake, ambazo nyingi ni za dole gumba lake.

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaziba. "Unajua umefanya nini? Umejifuta mwenyewe! Hesabu ya Kipa ilikuwa na Straika ndani yake! Nani alikwambia uguse? Nani?"

Baba alinitazama. Midomo ilianza kusema kitu, ikaacha. Akakigeuza kibao kifudifudi juu ya magoti yake, akakaa hivyo.

"Wewe!" Mama alisimama mlangoni, mkono ukutani. "Unamfokea mtu asiyeweza kukujibu?"

Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya nyumba karibu na kamba ya nguo, nikalia kwa aibu na kwa hasira, sijui ipi ilikuwa kubwa. Alitaka kunisaidia. Alifikiri kama mtu wa mpira anavyofikiri, na mimi ndiye niliyempa majina ya mpira. Nilipanguza uso kwa koti la kazi, nikarudi ndani, nikamwambia nisamehe, Baba. Kisha nikafunga kibwebwe. Kama Beki anahitaji filamu za kupigana ili arudi, basi filamu hizo zitapatikana, hata kama ni kuzichomoa mdomoni mwa mamba.

Nilianza na programu ya kufukua vilivyofutwa. Ilifukua nusu nusu: filamu hii kichwa, ile miguu, sehemu kubwa imeshakaliwa na madole gumba ya Baba. Kuzitafuta upya mtandaoni kungekuwa kazi bure. Kipa hahitaji filamu yenye jina lile. Anahitaji ile ile aliyoihesabu, isiyozidi wala kupungua hata herufi, na zinazozunguka mtandaoni kila moja imebanwa kivyake. Kwa hiyo nilihitaji mtu aliyenakili kutoka kwangu, kutoka kwa Straika huyu huyu.

Mtu huyo nilimjua, na ndiye mtu ambaye sikutaka kumwona.

Shemeji yangu, mume wa dada, ni kinyozi, na ugonjwa wake ni kunakili. Kila alipokuja kwetu alikuja na flashi mfukoni, na kabla hajasalimia vizuri ilikuwa imeshachomekwa. Mwaka jana ikatuletea virusi vilivyoniweka wiki nzima nikisafisha. Nikampa vidonge vyake mbele ya wageni: "Flashi yako ina magonjwa mengi kuliko famasi yangu ina dawa." Wageni walicheka. Yeye hakucheka, na hakukanyaga kwetu tena.

Kinyozini kwake kulikuwa na viti viwili vya kuzunguka, kioo kirefu chenye ufa pembeni, harufu ya spiriti na nywele za moto. Juu ukutani televisheni ilikuwa inaonyesha mtu akiruka toka paa moja hadi jingine. Niliitambua kabla sijakaa. Ilikuwa yangu.

Shemeji aliniona kwenye kioo. Hakugeuka. Mashine yake iliendelea kupanda kichwa cha mteja mmoja mnene.

"Karibu, Daktari," alisema. "Umekuja kupima magonjwa?"

"Nimekuja kuomba, Shemeji."

"Kuomba?" Akamgeuza mteja kidogo. "Sisi wenye virusi tuna nini cha kuombwa?"

"Zile filamu ulizonakili kwangu. Za kupigana. Ninazihitaji zote."

Akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mwaka mzima hukunipigia simu hata ya salamu. Leo umekumbuka filamu zako."

Niliuma meno. Ningeweza kumjibu, na majibu nilikuwa nayo mengi, lakini nikamfikiria Mama na mchele wake. "Nilikukosea," nikasema. "Mbele za watu. Na kuomba msamaha naomba mbele za watu vilevile, mteja wako huyu awe shahidi. Shemeji, diski yenye sauti ya Mzee imekufa. Bila filamu zile hairudi. Usiniulize ni kwa nini, nitakueleza njiani. Lakini ndiyo hali yenyewe."

Mashine ikazimwa. Mteja alikuwa na upande mmoja uliong'aa na mwingine wenye msitu, akatutazama kwa zamu kwenye kioo.

"Sauti ya Mzee?" Shemeji alisema, na sasa aligeuka. "Mzee alinitangazia harusi yangu. Nakumbuka naingia ukumbini miguu inatetemeka, yeye kashika kipaza sauti: 'Bwana harusi anaingia eneo la hatari, mabeki wa upande wa bibi harusi wamelala!' Nilicheka mpaka woga ukaniisha." Akaanza kuchomoa nyaya nyuma ya televisheni. "Chukua. Chukua diski yote."

Halafu mkono wake ukasimama.

"Zipo sawasawa na ulivyozinakili?" nikauliza, kwa sababu uso wake ulikuwa umebadilika. "Hukuzigusa?"

"Majina nimeyabadilisha."

"Majina si kitu. Programu inatazama kilichomo ndani."

"Na..." Akajikuna kisogo. "Hapa wanakuja watoto na wazazi wao. Zile sehemu za kubusiana nimezikata."

Nilishika tama. Filamu iliyokatwa imebadilika mwili mzima. Kipa angeipita kama haijui.

"Kwa zote?"

"Karibu zote. Wanabusiana sana hao." Kisha akaniinamia na kushusha sauti, kama anayenipa siri ya serikali. "Lakini hizi ni za kazini. Za nyumbani ziko kamili. Dada yako hataki kusikia habari ya kukata."

Mteja mnene akakohoa. "Nimalizieni upande huu basi, mwende."

Dada yangu alitupokea mlangoni kwa mikono kiunoni, akasikiliza habari yote bila kupepesa, akaleta diski kutoka chini ya mito ya kochi. Zilikuwepo kweli, nzima, na mabusu yake. Zote isipokuwa moja.

"Ile ambayo shujaa anakufa mwishoni," alisema. "Iliniudhi, nikaifuta. Mtu mzuri vile, wanamuua kwa nini?"

"Dada, ningekukaba."

"Nikabe. Mimi sikujua kama shujaa yule ana undugu na Baba."

Shemeji alikuja nami mpaka nyumbani, kwa mara ya kwanza tangu nilipomwaibisha. Diski yake niliikagua virusi mbele ya macho yake, naye akasema, "Ningeshangaa kama usingekagua." Nikaitoa maiti ya Beki, nikaweka diski mpya mahali pake. Nikaielekeza programu kwenye filamu za dada, na kwenye mabaki ya ile moja niliyokuwa nimeyafukua, ambayo kwa bahati yalikuwa karibu mwili mzima, ukiacha vipande vichache. Kisha nikabonyeza.

Ilifanya kazi mchana wote uliobaki. Baba alivuta stuli akakaa mbele ya kabati, mikono magotini, kama yuko kwenye benchi la ufundi. Hakukishika kibao tangu nilipomfokea. Nilipomletea chai niliiweka mbele yake pamoja na kalamu. Mwishowe aliandika kwa herufi ndogo, tofauti na kawaida yake: KIPA ATADAKA?

"Atadaka," nikamwambia. Sikuwa na hakika hata kidogo. Lakini nilikuwa nimeamua, na nikikaa hapo nilijihisi kama nasukuma ule mstari wa asilimia kwa macho.

Jua lilipokuwa linapungua dirishani programu ilimaliza. Nilipitia matokeo na kidole kwenye skrini. Faili baada ya faili zimerudi, na programu yenyewe imezilinganisha na kumbukumbu zake na kuzikuta sahihi. Faili moja tu ilikuwa na alama nyekundu. Vipande vilivyokosekana kwenye filamu ya yule shujaa vilikuwa vimeangukia hapo, na Kipa hakuwa na namna ya kuvikokotoa. Nikasoma jina la faili. Ilikuwa ile fainali, mechi iliyompa Baba jina mjini. Kati ya zote.

Kabla sijagusa kingine nilimnyooshea Shemeji mkono. "Lete flashi."

"Yangu?"

"Yako. Nakili yote. Na nyingine mpe dada aweke chini ya mito yake."

Akaichomeka mwenyewe, kwa adabu, kama mtu anayeshika mtoto mchanga. Ndipo nikamwita Mama, nikamkalisha kwenye kochi karibu na Baba, nikamweleza ukweli: sauti imerudi, ila fainali ina tundu, na sijui ni wapi.

"Weka hiyo hiyo yenye tundu," Mama akasema. "Mimi mwenyewe nina matundu."

Nikaweka.

Kwanza mvumo wa uwanja. Halafu Baba. Sauti yake ilijaa chumba, nene, ina mchanga kidogo, inacheka kabla haijasema. Shemeji aliinamisha kichwa. Mama alikuwa amefumba macho ambayo hata yakiwa wazi hayamsaidii, machozi yakishuka bila kupanguzwa, na mkono wake umeukamata wa Baba. Baba naye midomo yake ilianza kucheza, neno kwa neno na kanda, hata mimi nikadhani anaongea.

Dakika za mwisho. Mpira upande wa kulia, mmoja amepitwa, wa pili amepitwa, sauti ya Baba inapanda, inapanda, anaingia ndani ya kumi na nane, anamtazama kipa...

Kimya.

Hilo ndilo lilikuwa tundu. Spika haikutoa hata pumzi. Midomo ya Baba iliendelea kwenda peke yake, mishipa ya shingo imemsimama, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kusikia anachosema.

"Anapigaaa..." akasema Mama.

Tulimgeukia sote.

"Anapigaaa, bao! Bao! Bao, wananchi, nyavu zinalia!" Mama alikuwa amenyoosha shingo, sauti imepanda, ana mapozi yale yale, vituo vile vile. "Kipa amelala kama anatafuta pesa iliyoanguka! Na wewe mke wangu huko jikoni, acha kugonga hayo masufuria, najua unanisikia, njoo usikie raha! Bao, wananchi..."

"...bao la ushindi!" kanda ikapokea, na Mama akamaliza pamoja nayo, neno juu ya neno, mpaka kelele za uwanja zikawafunika wote wawili.

Midomo ya Baba ilikuwa imesimama. Alimtazama mkewe kama mtu aliyeingiziwa mgeni sebuleni bila taarifa. Miaka yote ile alitangaza akiamini kwamba mji mzima unamsikiliza isipokuwa mwanamke mmoja.

"Nini?" Mama akauliza, maana alikuwa ameuhisi mkono wa mumewe ukimkaza. "Ulidhani nilikuwa naosha vyombo?"

Baba akamgonga kiganjani, mara moja.